Kompyuta ya mezani Mwanza: ya dukani au ya basi?

Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yakishaingia stendi ya Nyegezi, buti hufunguliwa kabla abiria wa viti vya nyuma hawajateremka. Hutoka magunia ya nguo, matairi, ndoo za rangi, na mara nyingi maboksi ya kahawia yaliyozungushiwa selotepu tabaka kwa tabaka, juu yake pameandikwa kwa makapeni jina la mtu, namba ya simu na neno KOMPYUTA. Baadhi hupakiwa kwenye bodaboda na kwenda moja kwa moja kwa aliyeagiza. Mengine hupanda bajaji hadi madukani katikati ya jiji, kuzunguka mitaa ya Liberty, Rufiji na Lumumba, yakafunguliwa, yakafutwa vumbi na kupangwa kwenye rafu yakiwa na kipande cha karatasi chenye bei. Kwa hiyo anayejiuliza anunue dukani au aagize, mara nyingi anajiuliza juu ya boksi lile lile.

Kinachotofautiana ni nani amebeba hatari ya safari. Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 za lami, matuta na buti lenye joto. Ukinunua Mwanza, mwenye duka ndiye aliyekaa roho juu mpaka boksi likafika. Ukiagiza, roho juu ni yako. Ile bei ya ziada inayowaudhi watu wanapolinganisha duka la Mwanza na picha ya WhatsApp kutoka Kariakoo, sehemu yake kubwa ni bima, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Je, bima hiyo inalipa? Kwa kompyuta iliyotumika, nasema inalipa. Kwa mpya iliyofungwa kiwandani, mara nyingi hailipi. Kwa monita, usipoteze muda kupiga hesabu: nunua hapa hapa.

Wanaodhani laptopu imeiua kompyuta ya mezani hawajapita Malimbe, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, wala mteremko wa Bugando. Kila baada ya hatua chache kuna kibanda cha steshenari: mashine ya fotokopi, printa, na kompyuta moja au mbili zinazowaka tangu asubuhi mpaka usiku. Hapo watu huandikiwa barua, huombewa mkopo wa elimu ya juu, hujaziwa maombi ya ajira serikalini na kutolewa namba ya mlipakodi. Mwenye kibanda hana hamu na laptopu. Kibodi ya laptopu ikifa ni gharama, laptopu yenyewe ikidondoka ndiyo basi, na mwizi anaondoka nayo chini ya koti. Kibodi ya kompyuta ya mezani ikichoka ananunua nyingine, anaichomeka, foleni inaendelea. Ongeza hapo shule, maduka ya dawa, ofisi za vyama vya akiba na mikopo, na vijana wanaohariri video za harusi na kwaya, kisha Sengerema, Geita, Magu, Bunda na Ukerewe, ambako wengi bado hufuata Mwanza kwa kitu kama hiki.

Ni biashara changa kuliko inavyoonekana. Serikali iliingiza kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kwenda mrama, ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na televisheni pia. Marufuku ikalegezwa taratibu katika miaka iliyofuata. Mfanyabiashara wa Mwanza mwenye umri wa miaka sitini, basi, amekulia katika nchi ambamo boksi kama lile la Nyegezi lisingevuka forodha bila kibali maalumu.

Leo sehemu kubwa ya kinachouzwa ni mashine zilizostaafu ofisini, Uingereza, Ulaya bara au Marekani, nyingine zikipitia Dubai na Sharjah kabla ya kushuka Dar. Majina hayabadiliki sana: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine ngumu, zilizotengenezwa kwa ajili ya karani wa benki anayezizima saa kumi na moja jioni, na baada ya miaka minne au mitano huko kwao huhesabiwa chakavu. Za Uingereza zina heri ya ziada: waya wake wa umeme una plagi ya pini tatu, ile ile ya ukutani kwetu, na zimezoea volti 230. Za Marekani zinataka macho. Baadhi zina swichi nyekundu ndogo nyuma, karibu na tundu la waya, imeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ukiichomeka ikiwa bado iko kwenye 115, utasikia mlio mmoja, harufu ya kuungua itafuata, na pawasapulai imekwenda. Muuzaji wa dukani ameshaigeuza swichi hiyo. Aliyeagiza anaijua baadaye.

Tangu Oktoba 2025 soko hili lina jambo jipya. Tarehe 14 ya mwezi huo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi haizipokei prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache. Makampuni ya nje yamekuwa yakitupa mashine za kizazi cha sita na cha saba ambazo hazina ugonjwa wowote, na baadhi ya mashine hizo ndizo zinazopigiwa picha na kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp zikiwa na bei ya kuvutia. Kwa kibanda cha kuchapa barua hazina ubaya. Kwa ofisi inayotunza taarifa za wagonjwa au fedha za wanachama, mashine isiyopata masasisho ya usalama ni mlango uliorudishwa bila komeo.

Hapa ndipo tangazo linapoficha. Huandika "Core i5, RAM 8, diski 500" na kunyamaza. Core i5 ni jina la ukoo tu. Umri wa mashine uko kwenye tarakimu zinazofuata. i5-3470 ni ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2012. i5-6500 ni ya sita. i5-8500 ni ya nane, ya mwaka 2018. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna miaka sita, na katika tangazo zote mbili zinaitwa "i5 safi kabisa, used ya UK".

Dukani huna haja ya kumwamini mtu. Unaomba iwashwe. Saa ikionyesha ni Januari ya mwaka fulani uliopita zamani, betri ndogo ya ndani imekufa. Si kosa kubwa, hubadilishwa kwa pesa kidogo, ila huenda mashine imekaa muda mrefu bila umeme. Unaomba kuingia kwenye mipangilio ya awali, ile inayofunguka kabla ya Windows: ikidai nywila, kompyuta bado ina kufuli la kampuni iliyoimiliki kwanza, na kulitoa kunaweza kukusumbua kuliko thamani yake. Fundi mwenye kujiheshimu atakuwekea programu inayosoma saa ambazo diski imefanya kazi. Diski ya kuzunguka yenye saa elfu thelathini imefanya kazi mfululizo zaidi ya miaka mitatu, usiku na mchana. Halafu unaiacha iwake nusu saa ukiwa umekaa pale, unasikiliza feni. Nusu saa hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo bidhaa kubwa inayouzwa na duka la Mwanza, kuliko hata kompyuta yenyewe.

Duka pia lina mlango. Mashine ikigoma Jumatano, Alhamisi asubuhi unaibeba hadi pale pale. "Waranti ya miezi mitatu" ya dukani mara nyingi haina maandishi zaidi ya mstari mmoja kwenye risiti, na kila muuzaji huifasiri anavyojua yeye, lakini mstari mmoja wa mtu unayemwona ni bora kuliko ukurasa mzima wa mtu asiyepokea simu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha; ugumu wake ni kwamba unahitaji mtu wa kumshika na karatasi ya kumshikia.

Kuhusu basi, sitaki kulionea. Tangu Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, kifurushi kilichofikishwa stendi ya Magufuli kule Mbezi jioni kinaweza kuwa Mwanza siku inayofuata. Nauli yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya mashine. Unatumiwa picha ya risiti, namba ya gari na simu ya ofisi ya mabasi, kisha unasubiri. Kwa nguo, vitabu na hata simu, mfumo huu umeshinda kila aliyekuja na mbwembwe. Jumia, kampuni kubwa ya mauzo ya mtandaoni barani Afrika, ilifunga biashara yake Tanzania Novemba 2019. Kilichobaki ni picha ya WhatsApp, pesa ya simu na buti la basi, na biashara haijasimama.

Lakini kompyuta ya mezani ni boksi la bati lenye uzito wa kilo sita hadi tisa, na ndani yake kuna vitu vilivyoshikiliwa kwa vibanio vya plastiki. Baada ya usiku mmoja wa matuta, RAM hulegea kwenye tundu lake. Mashine inafika, unaiwasha, feni inazunguka, skrini iko giza, na inapiga mlio wa pii, pii. Mwenyewe anadhani ameuziwa mfu. Fundi anafungua ubavu, anachomoa kile kipande kirefu cha kijani, anasugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli wa mwanafunzi, anakirudisha mpaka vibanio vilie kwa pande zote mbili, na kompyuta inaamka. Dakika tano. Kazi hiyo mwenye duka huifanya bila kukuambia. Aliyeagiza huilipia, au hugombana bure na muuzaji wa Dar.

Kioo hakina ufutio. Niliwahi kuagiza monita ya inchi 22 kwa basi. Boksi lilifika halina hata mkunjo, nikasaini, nikaondoka nalo kwa furaha. Nyumbani nilipoiwasha, kona ya chini kulikuwa na doa jeusi lenye miguu mingi, mfano wa buibui, na kutoka pale mistari ya rangi ikapanda hadi juu. Nilirudi ofisi ya basi. Dada wa dirishani hakubisha wala hakunikasirikia. Aligeuza risiti yangu upande wa nyuma akanionyesha kwa kucha mstari wa maandishi madogo: vitu vya kuvunjika husafirishwa kwa dhamana ya mwenye mali. Muuzaji naye alinitumia video ya monita ikiwaka vizuri kabla haijafungwa. Wote wawili walikuwa na ushahidi, mimi nilikuwa na buibui.

Ubaya mwingine wa kuagiza ni mawinga. Winga wa Kariakoo hana duka. Ana simu, na uhodari wa kupiga picha mali ya wenzake. Wapo waaminifu wanaoishi kwa kamisheni halali, na mteja wa mkoani asiyejua mitaa ya Aggrey na Msimbazi anawahitaji. Tatizo ni kwamba aliye mwaminifu na tapeli wanatumia picha zile zile. Jaribio moja hunisaidia: namtaka anipigie simu ya video, amuombe mwenye duka awashe mashine hiyo hiyo, na asome kwa sauti namba iliyo kwenye stika ya mtengenezaji. Kwenye Dell ni herufi na tarakimu saba. Ukiiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni, unaona ni mashine ya aina gani. Winga anayesema "bosi, muda hauruhusu, tuma tu hela" amekwishajibu swali lako.

Bei nayo ina siri yake. Chukua mashine ya shilingi 590,000. Ikiwa imeuzwa na mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, shilingi 90,000 kati ya hizo ni kodi. Asiyetoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anaweza kukupunguzia 90,000 yote, akabaki na faida ile ile, na wewe ukarudi ukisema Kariakoo ni bei poa. Wapo wasiolazimika kusajiliwa, kwa sababu mauzo yao hayafiki shilingi milioni 200 kwa mwaka, na bei yao ya chini ni halali. Lakini kwa shule au zahanati inayokaguliwa hesabu zake, kompyuta isiyo na risiti ni hoja ya mkaguzi inayosubiri siku yake.

Nje ya nchi je? Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kompyuta ni sifuri, na wengi husikia hapo wakaacha kusikiliza. VAT iko pale pale, na huhesabiwa juu ya bei pamoja na nauli na bima hadi bandarini, kisha kuna tozo ya reli na ada nyingine. Wakusanyaji wa mizigo wa Guangzhou hutoza kwa kilo kama ni ndege na kwa ujazo kama ni meli. Kwa meli hesabu mwezi na zaidi. Kwa mtu mmoja na boksi moja la kilo nane, ndege hula faida yote. Njia hii inamfaa anayeagiza kumi, au anayetaka kompyuta ndogo mpya za ukubwa wa kitabu, zenye uzito wa kilo moja na kidogo. Hizo ndogo, kusema kweli, zinaweza kubadili mjadala huu wote: zinaingia kwenye begi la mgongoni, hazina cha kulegea sana, na abiria anaweza kusafiri nazo mapajani.

Watu wa Tarime na Musoma wana jaribu lao, Nairobi kupitia Sirari. Husikia kuna utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, wakadhani unawahusu. Utaratibu huo ni wa bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya. OptiPlex iliyonunuliwa Luthuli Avenue haikuzaliwa Kenya. Ikivuka inalipiwa kama mgeni mwingine yeyote, na waranti yake inabaki ng'ambo ya mpaka.

Safari nyingine ndefu huanza Mwanza penyewe. Kwa anayekwenda Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Ile foleni ya kivuko, ambapo mzigo ulishushwa, ukapandishwa na kugongwa, imekwisha. Wa Ukerewe bado ni wa maji. Kompyuta inayokwenda Nansio hupita mikono ya wapagazi bandarini, hukaa sakafuni melini, na ikiharibika nauli ya kuirudisha ni juu ya mwenyewe. Mnunuzi wa kisiwani anapolipa zaidi kidogo kwa duka la Mwanza ili mashine ijaribiwe mbele ya macho yake, sioni kama ameibiwa.

Umeme usisahauliwe. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeupunguza mgao, ila nyaya za mitaani ni zile zile, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huua pawasapulai bila kujali mashine ilinunuliwa wapi. Tenga fedha ya UPS kabla hujaanza kubishania shilingi 30,000 za tofauti ya bei.

Na kama una mpango wa kununua mpya, usingoje sana. Tangu robo ya mwisho ya 2025 bei ya RAM duniani imepanda, kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye seva za akili unde, na Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya RAM kwa wanunuzi wa kawaida. Mashine za zamani zenye RAM ya kutosha zitazidi kutafutwa, na wauzaji wa Liberty wanalijua hilo.

Ningekuwa nafungua steshenari Malimbe kesho, ningefanya hivi. Mashine iliyotumika ningeinunua mjini Mwanza, ya kizazi cha nane kwenda juu, baada ya kukaa nayo nusu saa. Kama nataka mpya ya boksi, ningeagiza Dar kwa muuzaji wa risiti ya EFD, na Nyegezi ningelifungua boksi mbele ya karani kabla ya kusaini. Monita ningeibeba mwenyewe kutoka dukani, kwenye bajaji, juu ya mapaja. Nawe, kabla hujatuma hata shilingi, muulize muuzaji tarakimu zinazofuata baada ya i5. Akikuzungusha, tafuta mwingine.